Siku niliyoishusha ramani ukutani

Nafundisha jiografia mwaka wa 11 sasa, muda mwingi darasa la nne na la tano, shule ya kijijini huku kati ya Manyoni na Itigi, mkoa wa Singida, ile sehemu reli ya kati inapita. Na mada ya ramani ndo nilikuwa naiogopa kuliko zote. Sio kwamba nilikuwa siijui, naijua, ila ilikuwa inapita kwa watoto kama maji kwenye chekecheo. Naandika ubaoni ramani ina jina, ufunguo, skeli, dira na fremu, wananakili, mtihani ukija umeuliza taja vitu vinne vya ramani wanataja, wanapata vema zao, tunasonga mbele. Afu mtoto huyohuyo mpe ramani yenyewe mkononi umwambie nionyeshe sisi tuko wapi, anakodoa macho tu.

Sasa kuna siku, darasa la nne, tulikuwa na ile ramani kubwa ya Tanzania ya kitambaa, imening'inia juu ya ubao. Ubao wetu uko ukuta wa kusini. Hilo sikuwahi kulifikiria hata siku moja, ubao ni ubao, uko pale ulipojengwa. Nimeshika fimbo naonyesha, hapa Dodoma, hapa Dar es Salaam, Dar iko mashariki mwa nchi. Kijana mmoja akanyoosha mkono, huyu alikuwa mtoto wa wafugaji, kusoma kwake bado kwa kuungaunga, mara nyingi anakaa nyuma kimya. Akasema, "Madam, mbona ramani inasema Dar iko huku," akaonyesha mkono wake wa kulia, upande wa dirisha la mti wa mwarobaini, "na treni ya Dar huwa inaenda kule?" Akaonyesha kushoto.

Darasa lote likageuka kumwangalia, wengine wakaanza kucheka, mi nikawa nataka kumwambia kaa chini, afu nikanyamaza. Kwa sababu mtoto alikuwa sahihi kabisa. Sisi tumekaa tumeangalia kusini, mkono wetu wa kulia ni magharibi, ni Itigi, Tabora, Kigoma, jua linazama kule. Ramani yangu ukutani ilikuwa inawaambia watoto Dar es Salaam iko linakozama jua, na hawa ni watoto wa relini, treni ya Kigoma na treni ya Dar wanazijua tangu hawajaanza shule, wengine mama zao wanauza asali kwa abiria. Kwa hiyo miaka yote hiyo mtoto alikuwa anabaki na mambo mawili, ama anachojua kwa macho yake ama ninachosema mimi, na wengi walichagua ninachosema mimi, wakaacha kufikiri.

Nikaishusha ramani. Nikawaambia sogezeni madawati, nikaitandika sakafuni, nikauliza jua linatokea wapi, wote wakaonyesha bila kusita, basi tukaizungusha ramani mpaka upande wa Dar ukaangalia jua linakotokea. Kaskazini ya ramani ikaelekea mlangoni, kule njia ya Singida mjini. Nikamwambia yule kijana simama juu ya Manyoni bila viatu, unyooshe mkono kwenda Kigoma. Akanyoosha, na mkono ukaelekea kulekule treni ya Kigoma inakoelekea. Mtoto mmoja wa kike akapiga kelele, "Kumbe ramani ni hapahapa!" Sikuwahi kupata sentensi nzuri kama hiyo kwenye somo langu, yani nilikuwa nahangaika miaka kuwafundisha hicho.

Toka siku ile sianzi na ukuta tena. Walimu wenzangu mnaofundisha madarasa ya chini, jaribuni tu hilo moja, ramani ilazwe chini na igeuzwe ielekee kweli. Mtoto akijifunza kwenye ukuta tu anaweka kichwani kwamba kaskazini ni juu, na nimeshamuuliza mtoto wa darasa la tano kaskazini ni wapi akanyoosha kidole kwenye bati.

Baada ya hapo nikataka tuipate kaskazini wenyewe bila dira, maana shule haina dira, na simu yenye dira ninayo mimi tu. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba ukisimamisha fimbo saa sita mchana kivuli kinaangalia kaskazini. Ilikuwa Julai. Tukasimika fimbo ya mita 1 uwanjani, tukasubiri, tena huku kwetu jua halifiki katikati saa sita kamili, linafika kama saa sita na dakika 45, kwa sababu saa ya nchi nzima ni moja na sisi tuko mbali kidogo na pwani kuelekea magharibi. Kivuli kikafupika fupika mpaka nusu mita hivi, na kilikuwa kinaangalia kusini! Nikatoa simu nikahakikisha, kusini kweli. Watoto wananiangalia.

Nikawaambia ukweli, kwamba nilichosoma kimeandikwa kwa ajili ya watu wa mbali huko kaskazini ya dunia, tukae tulifikirie wenyewe. Jua mwezi wa sita na wa saba liko upande wa kaskazini, limeenda kule Tropiki ya Kansa, ule mstari ambao jua linaishia upande wa kaskazini, sisi tuko karibu digrii 6 kusini ya Ikweta, kwa hiyo linatupiga kutoka kaskazini na kivuli lazima kianguke kusini. Tukaweka ahadi ya kurudia Novemba. Novemba tukarudia palepale, kivuli kikawa kifupi, sentimita 20 na kitu, na kimegeuka kinaangalia kaskazini. Na katikati hapo, mwanzoni mwa Oktoba, na tena mwanzoni mwa Machi, kuna siku jua linakuwa juu ya kichwa kabisa na fimbo inakosa kivuli. Watoto wakaanza kuvizia hiyo siku wenyewe, wanasimama uwanjani wanajiangalia miguuni.

Njia isiyodanganya huku kwetu ni nyingine. Simika fimbo inapokaribia mchana, weka jiwe kwenye ncha ya kivuli, subiri kama nusu saa, weka jiwe la pili kwenye ncha mpya. Jiwe la kwanza ni magharibi, la pili ni mashariki, iwe Julai iwe Novemba. Simama jiwe la kwanza likiwa kushoto kwako na la pili kulia, mbele yako ni kaskazini. Nimeshaifanya mara nyingi na darasa la watoto 87, haihitaji hela, inahitaji mawe mawili na mwalimu anayekubali kutoka nje. Nilishawahi kuulizwa na mkaguzi mmoja kwa nini watoto wako uwanjani muda wa kipindi, sikubishana naye, nilimwomba asubiri jiwe la pili.

Halafu kuna jambo la kuchora. Kabla hujampa mtoto ramani ya mtu mwingine mwache achore yake, ya darasa lake. Hapo ndo utaona shida ziko wapi. Shida ya kwanza, mtoto anachora dawati na miguu minne, anachora mwalimu amesimama, anachora mlango kwa pembeni, yani anachora picha. Nilihangaika kueleza neno "kutoka juu" mpaka nikawauliza, mwewe akiwa angani anaangalia vifaranga, anaona miguu yao? Wakacheka, hapana madam, anaona migongo. Haya, chora darasa la mwewe. Nikaweka chini ndoo, sufuria, chupa na kiatu, mmojammoja anapanda juu ya dawati anaangalia chini anachora anachoona, ndoo ikawa duara, chupa ikawa duara dogo ndani ya duara kubwa. Kipindi kizima kiliishia hapo na sikujuta, kwa sababu ufunguo wa ramani baada ya hapo ulijieleza wenyewe. Duara ni ndoo na duara ni sufuria, mtu atajuaje? Lazima uandike pembeni alama hii ni nini.

Shida ya pili ni ukubwa. Mtoto anachora kitu kwa kadiri anavyokithamini. Meza yangu ilikuwa kubwa kuliko madawati yote, na kwenye ramani za kutoka nyumbani kuja shule, nyumba yao inajaza nusu ya ukurasa, shule ina mraba mdogo kule kwenye kona, mmoja alichora ng'ombe wakubwa kuliko reli. Sio ujinga huo, ndivyo anavyoiona dunia. Skeli ndo inamfundisha kwamba ramani haina upendeleo. Tulichukua kamba ya katani tukafunga fundo kila mita 1, tukapima darasa, mita 8 kwa mita 6. Sentimita 1 kwenye rula ikawa mita 1 ya chini, darasa likawa kaboksi ka sentimita 8 kwa 6 kwenye daftari, dawati la mita 1.2 likawa sentimita 1.2. Meza yangu ikapungua mpaka saizi yake. Baada ya darasa tukaenda kijiji, hapo kamba haitoshi tukatumia hatua, sentimita 1 kwa hatua 100, kuanzia shuleni mpaka kisimani mpaka zahanati mpaka kivuko cha reli. Hatua za watoto hazilingani, mrefu na mfupi wakaleta namba tofauti, wakagombana sana, mwishowe wakakubaliana apime mmoja njia zote. Nikawaacha wagombane mpaka wafike hapo wenyewe.

Na yule kijana wa ng'ombe ndo alitushinda wote. Kusoma alikuwa anaunga maneno, lakini ramani yake ilikuwa na korongo, malambo mawili, mbuyu, na njia ya mkato ambayo hata mimi sikuijua, na vyote vimekaa upande wake sahihi. Anachunga, jioni lazima arudishe mifugo, akikosea upande analala porini. Nikamwita mbele atufundishe. Nilipoteza miaka mingi nikiwaweka watoto kama yeye nyuma ya darasa, na hilo linaniuma mpaka leo.

Atlasi tulikuwa nazo 6. Watoto 87, atlasi 6, hesabu mwenyewe. Nikazigawa kwa makundi na nikaanzia nyuma ya kitabu, kwenye faharasa, kwa sababu mtoto akipewa atlasi anafunguafungua tu akitafuta bendera. Nasema jina la mahali, kwa mfano Kasulu, kundi linatafuta K kwenye faharasa, linasoma ukurasa na mraba, labda herufi B namba 3, linaenda kwenye ukurasa, kidole kimoja kinateremka toka kwenye herufi kingine kinatembea toka kwenye namba, vinapokutana ndo mahali. Wakazoea wakaanza kushindana, na jambo zuri ni kwamba mtoto dhaifu wa kusoma anajifunza alfabeti hapohapo maana bila kujua K iko baada ya J hafiki.

Latitudo na longitudo, ile mistari ya digrii kwenye ramani, walikuwa wanazichanganya kila mwaka mpaka nilipopata hii: LAtitudo imeLAla. Basi. Iliyolala ni latitudo, iliyobaki imesimama. Na kwa Tanzania kuna ukaguzi wa haraka, nchi yetu yote iko kusini ya Ikweta na yote iko mashariki ya mstari wa Greenwich, kwa hiyo ukiona umeandika Kaskazini au Magharibi kwenye jibu la mji wowote wa Tanzania ujue umeteleza, futa.

Longitudo ilieleweka zaidi mwezi wa Ramadhani. Kuna binti bibi yake yuko Kigoma na shangazi yake yuko Dar, akatuambia shangazi akipiga simu ameshafuturu, bibi bado anasubiri adhana, na sisi huku tuko katikati yao. Nikamwambia hapohapo, fungua atlasi. Dar iko digrii 39 na kidogo mashariki, Kigoma digrii 30 kasoro, tofauti ni kama digrii 9 na nusu hivi, na dunia inazunguka digrii 1 kwa dakika 4, zidisha. Ikaja dakika 38. Binti akasema ndio, ni kama dakika 40, bibi huwa analalamika! Darasa zima likaelewa longitudo ni kitu cha kweli, ni njaa ya bibi Kigoma.

Rangi nazo nilikuwa nazipita harakaharaka. Mwaka mmoja mtoto aliangalia ramani ya mwinuko akauliza kwa huzuni kabisa, "Madam, kwetu ni jangwa?" Kwa sababu pwani ni kijani na sisi tuko kwenye kahawia. Kumbe wengi walikuwa wanaamini kijani ni msitu na kahawia ni ukame. Nikamwambia soma ufunguo, kijani ni nchi ya chini, kahawia ni nchi ya juu, na Mlima Kilimanjaro wenye mita 5,895 uko kwenye rangi nzito zaidi na pale chini yake kuna migomba na kahawa tele. Waliowahi kupanda treni kutoka Dodoma wanajua inavyopanda polepole ule ukingo wa Bonde la Ufa toka Saranda kuja Manyoni, injini inanguruma. Nikawaambia pale injini inaponguruma ndipo rangi inapobadilika. Wakaangalia, kweli, Bahi kule chini bondeni rangi nyepesi, Manyoni rangi nzito.

Umbali tulipima kwa uzi wa kushonea. Ramani ya Tanzania kwenye atlasi zetu ni skeli ya 1:5,000,000, maana yake sentimita 1 ni kilomita 50. Rula toka Dar mpaka Dodoma ni sentimita 8, kilomita 400. Mtoto mmoja baba yake ni utingo akasema hapana, ni 450 na zaidi. Wote wawili wako sahihi, rula inaruka kama ndege na basi linapitia Morogoro. Basi tukalaza uzi juu ya reli toka Dar mpaka Kigoma, kona kwa kona, tukaunyoosha kwenye rula, ukatoa kama sentimita 24, yani kilomita 1,200. Reli yenyewe ni kilomita 1,250 na kitu. Hizo 50 zimeenda wapi? Walikaa wanafikiri, mpaka mmoja akasema ramani ni ndogo, kona ndogo haziwezi kuingia. Mtoto wa miaka kumi huyo, amefika kwenye jambo ambalo mi nilifundishwa chuoni.

Hapo pia ndo walielewa kwa nini Unguja kwenye ukurasa wake inalingana na Tanzania nzima ya ukurasa wa nyuma yake. Kabla ya hapo waliniuliza kama kisiwa kimekua. Siku hizi nikifungua ukurasa mpya swali la kwanza linatoka kwao, skeli ni ngapi.

Kitu kingine kilichonifundisha ni uzee wa zile atlasi. Kati ya zile 6, mbili ni za zamani sana, magharibi yetu imeandikwa Zaire, na hiyo nchi imeitwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo tangu 1997. Mtoto aliyehamia toka Geita aliutafuta mkoa wake akaukosa, akaja mezani kwangu machozi yanamlenga, kwamba kwao hakupo. Mkoa wa Geita ulianzishwa 2012, pamoja na Katavi, Njombe na Simiyu, na Songwe ikaja 2016. Atlasi yake ilichapwa kabla ya yote hayo. Nilikuwa nataka kuzitoa zile mbili, nikaziacha, nikawapa kazi ya kulinganisha ya zamani na mpya watafute tofauti, na kabla ya yote wasome mwaka uliochapwa kwenye kurasa za mwanzo. Sasa yule wa Geita ameuchora mkoa wake kwa penseli kwenye atlasi ya shule. Kuandika kwenye kitabu cha shule ni kosa na anajua, ila sikuufuta.

Ramani ya kitambaa bado tunayo. Nimeigongea misumari ukuta wa kaskazini, nyuma ya darasa, ubao ukabaki kusini kulekule. Kwa hiyo kipindi cha ramani kikifika nasema tu "geukeni," na watoto 87 wanageuza madawati kwa pamoja, vumbi na kelele, mwalimu wa darasa la pili mlango wa pili anagonga ukuta kila mara. Wakishatulia Dar inakuwa kulia kwao, kule treni inakoenda.